Unachoma Nini, Rodrigue?

Nesi Brenda alikuwa bado hajavua koti lake pale Rodrigue Daigle alipofungua mlango wa jiko ili aongeze kuni, na moshi uliopaswa kupanda dohani ukamjia usoni. Ukapita juu ya kichwa chake, ukatambaa darini, ukaingia chumba cha pili ambako mkewe, Normande, alikuwa ameegemea mito kitandani. Kikohozi kikaanza. Kilikuwa kile kikohozi kirefu cha mtu ambaye mapafu yake yamechoka, na wote wawili pale jikoni walisimama wakikisikiliza hadi kilipokwisha.

"Funga mlango wa jiko, Bwana Daigle," Brenda akasema.

"Nimeshafunga."

"Fungua dirisha basi."

"Nikifungua dirisha baridi itamuua."

"Na usipofungua?"

Rodrigue akafungua dirisha. Ilikuwa Januari, na huku kwetu kaskazini mwa Maine, Januari ikikaza, misumari hulia ndani ya kuta za mbao mtu akashtuka usingizini. Baridi iliingia jikoni na kukaa kama mgeni asiyesubiri kukaribishwa. Brenda akafanya kazi yake, akampima Normande pumzi na mapigo ya moyo, kisha akarudi jikoni na kuketi mkabala na Rodrigue. Hakuwa mwanamke mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kumchukia.

"Nitakwambia kama ningemwambia baba yangu," akasema. "Nikija Alhamisi ijayo nikakuta hewa hii, au nikakuta chumba chake kina baridi, lazima nimwambie daktari. Kuna kitanda kwenye nyumba ya wazee kule mjini. Atakaa hadi theluji iyeyuke."

"Nasikia," sauti ikatoka chumbani. "Mapafu ndiyo mabovu. Masikio mazima."

"Bi Normande, ni kwa ajili yako."

"Claudette wa jirani naye alipelekwa hadi theluji iyeyuke. Theluji iliyeyuka, naye akarudi na gari la maiti." Akapumzika kidogo ili apate pumzi. "Mimi nataka kufia hapa, karibu na jiko langu. Sijaomba ghorofa."

Brenda akainuka. Alivaa glavu zake, akamshika Rodrigue bega, akaondoka. Basi shida ilikuwa hiyo, wala haikuwa na mafumbo: jiko lipone kabla ya Alhamisi, ama Normande atolewe nyumbani kwake.

Njia nyingine ya kupasha nyumba joto hawakuwa nayo. Tanuri la mafuta lililokuwa chini ya nyumba lilikufa zamani na halikufufuliwa. Hita ya umeme aliyowaletea binti yao Lise ilizima taa za nyumba nzima siku ya kwanza ilipowashwa, kwa sababu nyaya zile zilitandazwa na babu yake Rodrigue, ambaye alikuwa mkulima wa viazi.

*

Majiko ya aina ile yana kifaa ndani, juu ya moto, ambacho sisi tunakiita sega, kwa kuwa ni kigae chenye vitundu vingi vidogo kama vya nyuki. Moto ukishakolea unafunga kilango cha juu, moshi unalazimika kupita kwenye sega, na humo unaungua wenyewe. Nyumba inapata joto la ziada, na dohani inatoa mvuke tu. Lakini sega lina nongwa. Halitaki kuni mbichi, halitaki rangi, halitaki plastiki wala karatasi za kung'aa. Ukililisha kuni kavu tupu linakaa miaka. Ukililisha takataka linakufa bila kukuaga, moshi unakosa pa kupita, unarudi kwa mwenye nyumba.

Na kama kuna mtu katika kijiji cha Saint-Aubin ambaye hangeweza kushukiwa kwa takataka, ni Rodrigue. Alipasua kuni zake mwenyewe, za maple tupu, akazianika misimu miwili, akazipanga nyuma ya nyumba kwa unadhifu ambao mkewe alisema hajawahi kuuona kabatini. Watu wakipita walisimamisha magari ili wamsifie, naye alijifanya hasikii ili warudie. Kwa hiyo moshi ule ulimuumiza mara mbili, mara moja kwa sababu ya kikohozi cha Normande na mara nyingine kwa sababu ya heshima yake.

Aliuacha moto ufe. Akamfunika Normande kwa kila blanketi lililokuwamo, kisha akamwekea juu koti lake mwenyewe la kuwindia.

"Nikifa chini ya mzigo huu watasema niliangukiwa na ghala," Normande akasema.

"Vumilia kidogo, mama. Nikiiondoa hii kofia ya jiko nitajua kuna nini."

Akafungua skrubu, akanyanyua kofia, akalichomoa sega kwa mikono yote miwili kama anayetoa mkate motoni. Vitundu vilikuwa vimeziba kwa jivu. Moyo wake ukatulia, maana jivu ni ugonjwa mdogo. Akalipiga brashi laini ya kupakia rangi, akapuliza, akalinyanyua dirishani ili aone mwanga ukipita. Mwanga ulipita nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa na utando wa kijivu ambao brashi haikuuondoa, na Rodrigue hakuupenda hata kidogo.

Akachanganya siki na maji ya chupa, akalichemsha sega kwenye jiko dogo la gesi, ndani ya sufuria ambayo Normande hupikia supu ya kuku. Harufu ikajaa nyumba.

"Unapika nini, mzee?"

"Supu ya sega."

"Chumvi usisahau."

Alilisuuza, akalikausha taratibu, akabadilisha ukanda unaolizunguka, akalirudisha. Moto ukawashwa. Ulipokolea akafunga kilango, akatoka mbio bila kofia na kusimama kwenye theluji akiangalia dohani. Moshi ulitoka wa kijivu, mzito. Akaingia, akaangalia mshale wa kipimajoto juu ya jiko: ulipanda kidogo, ukasita, ukaanza kurudi ulikotoka. Akafungua kilango, akaongeza moto, akafunga tena, akatoka tena. Alienda na kurudi hivyo hadi masikio yakafa ganzi, na Normande akamwuliza kutoka kitandani kama anafanya mazoezi ya jeshi.

"Limekufa," Rodrigue akasema hatimaye.

"Si ulibadilisha mwaka jana?"

"Nilibadilisha."

"Basi wamekuuzia bovu," Normande akasema kwa uhakika mkubwa. "Mpelekee Hervé, umwambie hivyo. Usiende kwa unyonge."

*

Alienda bila unyonge. Aliliweka sega juu ya kaunta ya Hervé Cyr, ambaye anauza majiko, mitego ya sungura na leseni za kuvulia samaki, na ambaye walisoma naye darasa moja. Walikuwepo wanaume wengine wawili wakinywa kahawa ya bure, maana duka la Hervé majira ya baridi ndilo baraza letu.

"Umeniuzia bovu," Rodrigue akasema.

Hervé akachukua tochi, akalimulika sega upande huu na ule. Akachukua muda. Kisha akavua miwani, na mtu akivua miwani kabla ya kukuambia jambo, jambo hilo si zuri.

"Unachoma nini, Rodrigue?"

"Maple. Unajua ninachoma nini, nusu ya kijiji inajua."

"Utando huu ni wa rangi. Rangi za zamani zina madini ya risasi, hazitoki kwa siki. Na huku, hii nyeusi inayong'aa? Hii ni plastiki." Akalirudisha juu ya kaunta taratibu. "Kampuni haitanipa jingine bure kwa hili. Watasema mwenye jiko anachoma takataka, na mimi sitakuwa na la kuwajibu."

"Mimi sichomi takataka."

"Mimi nasema ninachokiona."

Mmoja wa wale wanywa kahawa akasema kwa sauti ya chini, lakini si chini vya kutosha, kwamba huenda Rodrigue anachoma soksi zake kuukuu. Mwenzake akacheka puani. Rodrigue alihisi joto likimpanda shingoni. Alitaka kuwaambia waje nyumbani wakaangalie kila gogo, moja moja, wanuse. Badala yake akatoa pochi akalipa sega jipya, lile la mwisho lililokuwa rafuni, na bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu afikirie dawa za mwezi. Hervé akampunguzia kidogo bila kuombwa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwani katika maisha yao yote Hervé hajawahi kumpunguzia mtu kitu.

"Msalimie Normande," Hervé akasema. "Na Rodrigue, kuni tu. Sawa? Kuni tu."

Njiani alijaribu kufikiri rangi na plastiki vingetokea wapi. Alifikiria karatasi za kuwashia moto, akafikiria vibanzi alivyookota kwenye sakafu ya gari. Hakupata jibu, akaamua kwamba Hervé amezeeka macho.

*

Sega jipya liliwaka siku ileile. Mshale ukapanda hadi sehemu ya kazi, ukakaa hapo bila kutikisika, na dohani ikatoa mvuke mweupe uliopotea angani. Joto likafika kila kona. Jumapili asubuhi Normande alitoka kitandani mwenyewe, akaja akaketi kwenye kiti cha jikoni, akadai ploye, zile chapati zetu za unga wa buckwheat, nafaka ya nchi za baridi, akazila mbili kwa siagi na sukari guru. Uso wake ulikuwa na rangi. Alimsema Rodrigue kwa jinsi alivyozichoma kingo, naye akafurahi kusemwa.

"Brenda akija Alhamisi nitamfungulia mlango mwenyewe," Normande akasema. "Nitamuuliza yeye anaumwa nini."

Rodrigue akacheka. Alikuwa na furaha ile ya mtu aliyetengeneza kitu kwa mikono yake, ambayo wanaume wengi wa huku wanaipata mara chache na hawana neno lake. Jumatatu na Jumanne akapanda juu ya paa kupunguza theluji, kwa sababu sasa alikuwa na moyo wa kufanya kazi nyingine.

Jumanne, akiwa pale juu, harufu ilimfikia. Aliinua kichwa. Dohani ilikuwa inatoa moshi mweusi.

Alishuka ngazi kwa haraka isiyofaa umri wake. Alipofungua mlango wa nyuma alimkuta Normande amesimama mbele ya jiko kwa gauni la kulalia, skafu imefunika pua, mkono mmoja umeshika kiti. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Ndani ya moto, juu ya maple yake safi, uso wa Yesu kwenye picha ya Moyo Mtakatifu ulikuwa unajikunja kwenye fremu yake ya dhahabu ya bandia. Kando yake Bikira wa plastiki, wa zile sanamu za kuweka kwenye dashibodi ya gari, alikuwa anayeyuka akiinama. Sakafuni palikuwa na boksi la kadibodi, na ndani yake rozari zilizokatika, picha za watakatifu zilizopauka, maua ya bandia ya altareni na vipande vya mishumaa.

"Ungekohoa kabla ya kuingia," Normande akasema. "Umenishtua."

Rodrigue akafunga mlango nyuma yake.

"Usikasirike. Najua ulisema hutaki kitu cha kanisa lile humu ndani."

Ni kweli alisema. Kanisa letu dogo lilipofungwa msimu wa kuvuna viazi, Rodrigue alisimama kwenye mkutano, akamwambia padri alichomwambia, akatoka, na nyumbani akapiga marufuku hata mshumaa. Lakini Normande alikuwa amelitunza kanisa lile tangu Lise akiwa mdogo, na watu walijua. Kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani. Kinazikwa au kinachomwa. Huku ardhi imeganda hadi Mei, hakuna wa kuzika. Kwa hiyo mmoja mmoja, Rodrigue akiwa msituni na msumeno, walikuja mlango wa nyuma na vitu vya marehemu mama zao na kumwachia Normande, ambaye angejua la kufanya. Aliviweka chini ya kitanda. Alichoma kidogo kidogo, mume akiwa nje, akisali kwa kila kimoja.

"Nilikuwa nimechelewa sana," akasema. "Kifua kilinikataza. Lakini tangu jiko lipone nimepata nguvu, mzee. Jana na leo nimemaliza maboksi matatu. Yamebaki mawili." Macho yake yaling'aa kwa moto na kwa homa. "Miaka yote hii nimewapigia deki tu. Sasa wameniamini na hili, na angalau hili nimelifanya vizuri. Sina kingine nilichobakiza kufanya duniani."

Rodrigue akatazama mshale. Ulikuwa unashuka, naye aliutazama ukishuka huku mkewe akiongea. Neno lilikuwa limemfika mdomoni. Lilikuwa fupi: ni wewe. Sega la kwanza ni wewe, la pili ni wewe, na kesho kutwa watakaokuja kukutoa humu, umewaita kwa mikono yako. Alimwangalia amesimama na skafu yake, mwembamba, ameridhika, na hakuweza. Kama ningekuwa mimi, sijui kama ningeweza.

"Rudi kitandani, mama," akasema. "Miguu itaganda."

"Hukukasirika?"

"Sikukasirika. Hayo mawili yaache kidogo, jiko lipumzike."

"Jiko nalo linapumzika?" Normande akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Rodrigue akambeba hadi kitandani.

*

Alifanya yote tena. Alizima moto, akafungua kofia, akachemsha siki. Sega jipya lilikuwa na ufa katikati, pengine kwa nta ya ile mishumaa iliyolipuka motoni, na vitundu vyake vilikuwa vimepakwa weusi uliong'aa. Akampigia Hervé simu. Hervé akasema hana jingine, litatoka kusini, na barabara ikiwa nzuri litafika wiki ijayo. Hakumuuliza tena anachoma nini.

Alhamisi asubuhi Rodrigue alibaki na njia mbili. Akiacha kilango wazi, moshi unapanda juu, lakini joto lote linakwenda nalo kuwapasha moto kunguru, na chumba cha Normande kinakuwa barafu. Akikifunga, joto linabaki na moshi unabaki. Alikiacha wazi hadi alipoona midomo ya mkewe imebadilika rangi. Akakifunga. Alikuwa amekishika mkononi, hajui akisukume wapi, gari la Brenda lilipoingia uani. Nyuma yake lilikuja gari la Lise, aliyesafiri tangu alfajiri kutoka kusini. Brenda alikuwa amempigia simu mapema ili, endapo mama angelazimika kuondoka, asiondoke na wageni peke yao.

Hawakuhitaji kupima kitu. Lise alisimama mlangoni akipepea moshi kwa mkono.

"Baba, nini hiki?"

"Sega limekufa."

"La wiki iliyopita?" Brenda akauliza. Hakuwa anagomba, sauti yake ilikuwa ya kuchoka. "Nimepita kwa Hervé, Bwana Daigle. Anasema umekuwa ukichoma rangi na plastiki."

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Kitanda hakikulia, kikohozi hakikutoka. Normande alikuwa anasikiliza.

Rodrigue akaangalia mikono yake. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, zilikuwepo kuni zake za maple, kavu, nyeupe, zimepangwa.

"Ni kweli," akasema. "Nilibomoa kibanda cha viazi. Mbao za rangi. Na takataka kidogo, mifuko. Nilitaka kubana matumizi ya kuni."

"Wewe?" Lise akasema. "Wewe, baba, na kuni zako?"

"Uzee."

Brenda akamtazama kwa muda, kama aliyetaka kuuliza jambo jingine, kisha akaingia chumbani kumvalisha Normande.

Normande alitoka ameshikwa mkono na Brenda, amevaa koti lake la Jumapili na buti. Alisimama mbele ya mumewe ili apate pumzi, na alipoipata aliitumia yote.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Nalala humo ndani namwomba Mungu anifungue kifua, kumbe unakiziba wewe. Kwa mifuko ya plastiki. Tuna kuni za kutosha nyumba tatu, Rodrigue."

"Najua, mama."

"Nilimwambia kila mtu Hervé amekuuzia bovu. Nilikutetea."

"Najua."

"Maboksi yangu mawili yako chini ya kitanda. Usiyaguse. Vile ni vitu vya baraka, havichomwi na mtu wa takataka. Nitarudi niyamalize mwenyewe."

"Sitayagusa."

Kwenye ngazi za nje kulikuwa na barafu. Rodrigue alitangulia, akageuka, akanyoosha mkono kama alivyonyoosha kila majira ya baridi tangu waoane. Normande akaupita mkono ule, akashika wa binti yake, akashuka hatua kwa hatua hadi garini. Lise akamfunga mkanda, akamwekea blanketi magotini. Alimtazama baba yake juu ya paa la gari, akatikisa kichwa, akaingia.

Rodrigue akainama kwenye dirisha la gari. Kulikuwa na mengi ya kusema na lilikuwepo moja tu ambalo lingembakisha karibu na moyo wa mkewe, nalo ndilo asiloweza kulitoa.

"Jumapili nitakuja kukuona," akasema.

Normande alikuwa anaangalia mbele, kwenye theluji iliyosukumwa kando ya barabara.

"Njoo," akasema. "Lakini oga kwanza. Unanuka moshi."